Kabla hujanunua seng'enge: somo kutoka Illinois na Texas

Ndugu mfugaji, kabla hujaenda dukani kuulizia bei ya seng'enge, soma kwanza historia hii fupi. Inaweza kukuokolea fedha na kukuepusha na ugomvi na majirani.

Katikati ya karne ya 19, wakulima wa nyanda za Illinois, Marekani, walikuwa na ardhi nzuri lakini miti michache. Uzio wa mbao uliwashinda kwa gharama. Wengi walipanda ua wa mti wa miiba uitwao Osage orange, wakaupunguza mara kwa mara ili usongamane. Ulizuia mifugo vizuri, ila ulichukua miaka kadhaa kukomaa. Waya laini nao ulijaribiwa; ng'ombe waliuegemea ukalegea.

Mwaka 1874 mkulima Joseph Glidden wa DeKalb, Illinois, alipata hataza ya seng'enge yake. Alizungushia miiba kwenye waya mmoja, kisha akausokota na waya wa pili ili miiba isiteleze. Sasa mfugaji alipata miiba bila kusubiri mti ukue.

Lakini uzio wa haraka ulileta shida ya haraka. Huko Texas, wenye uwezo walizungushia maeneo makubwa, wengine wakaziba hata barabara na maji. Ukame wa 1883 ulipobana, wafugaji wasio na ardhi walikata waya usiku, na watu wakauawa. Mwaka 1884 bunge la jimbo lilifanya kukata uzio kuwa kosa kubwa la jinai. Hata hivyo, sheria hiyo ilimtaka aliyepitisha uzio kwenye barabara ya umma aweke geti kila maili 3, karibu kilomita 5.

Wewe unajifunza nini?

Kwanza, anza na ulichonacho. Kama huna haraka, panda minyaa au michongoma mpakani mvua zinapoanza. Vipande vya minyaa viache vikauke kidogo kivulini kabla ya kupanda, na linda macho, kwani utomvu wake ni hatari. Mapengo ziba kwa matawi ya miiba mpaka ua ushikane.

Pili, seng'enge itumie pale usipoweza kusubiri, kama kwenye zizi na karibu na mazao. Kama una mbuzi, karibianisha nyuzi za chini; wao hupenya katikati.

Tatu, usizibe njia ya mifugo wala ya maji. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo yenye jukumu la kusimamia ardhi ya kijiji. Kabla ya kuchimba shimo la nguzo ya kwanza, pita mpakani na jirani yako pamoja na viongozi wa kijiji, mkubaliane mahali pa geti. Geti ni nafuu kuliko kesi.