Kufuta hukumu za bangi, California

Kufuta hukumu za bangi ni utaratibu wa kisheria wa kuondoa katika kumbukumbu za jinai, au kupunguza uzito wake, hatia ya zamani kwa kitendo ambacho sheria mpya imekihalalisha. Katika jimbo la California, Marekani, ulianza Novemba 8, 2016, wapiga kura walipopitisha Pendekezo la 64 kwa takriban asilimia 57. Mtu mwenye umri wa miaka 21 na zaidi aliruhusiwa kuwa na gramu 28.5 za bangi na kupanda miche sita nyumbani.

Waliokwisha kuhukumiwa hawakusahaulika: waliruhusiwa kurudi mahakamani kuomba hatia zao zifutwe au zishushwe daraja. Ugumu ulikuwa katika huko kuomba. Mhusika alitakiwa kwanza kujua kwamba haki hiyo ipo, kisha atafute jalada lake, ajaze fomu na kuziwasilisha mahakamani, pengine kwa kumlipa wakili. Mjini San Francisco, katika mwaka mzima walijitokeza waombaji 23 tu.

Januari 2018 George Gascón, mwendesha mashtaka mkuu wa mji huo, aliugeuza mzigo: ofisi yake ndiyo ingeyapitia majalada, hadi ya mwaka 1975, bila kungoja ombi la mtu. Wanasheria walianza kuyasoma moja baada ya jingine. Baadaye shirika la Code for America lilileta programu iliyochambua kumbukumbu kwa dakika chache na kuandaa fomu za mahakama. Kufikia Februari 2019 zilikuwa zimepatikana hukumu 9,362 zinazostahili. Wenye hukumu hizo walikuwapo tangu mwanzo; walichokosa ni njia.

Septemba 2018 Gavana Jerry Brown alitia saini sheria iliyoeneza mtindo huo jimboni kote: Idara ya Sheria ibainishe hukumu zinazohusika kufikia Julai 1, 2019, na waendesha mashtaka wapewe mwaka mmoja wa kupinga. Kaunti ya Los Angeles peke yake ilifuta karibu hukumu 66,000 mwaka 2020. Asilimia 32 ya wahusika walikuwa Weusi na 45 Walatino. Mahakama kadhaa zilisuasua, na sheria ya 2022 ikaziwekea ukomo wa Machi 1, 2023.

Serikali ya shirikisho haifungwi na hatua hizo. Maofisa wa uhamiaji wanaweza kuihesabu hukumu ambayo jimbo limeshaifuta, hatari kubwa kwa mkazi wa kudumu ambaye bado hajapata uraia. Msamaha wa Rais Joe Biden wa Oktoba 6, 2022 haukugusa hukumu za majimbo, ambako kesi nyingi za bangi husikilizwa, wala haukufuta rekodi yoyote. Nazo kampuni zinazowauzia waajiri na wenye nyumba taarifa za watu huweza kubaki na nakala za zamani, hivyo aliyefutiwa hushauriwa kutunza hati yake ya mahakama.