Kuinua pikapu kuukuu: shoki, springi na barabara za Nakuru

Tangu nihamie Nakuru, jamaa wa Mombasa, Malindi na Lamu wenye biashara huku Bonde la Ufa hawaachi kunipigia simu na suali moja: pikapu yangu inagusa chini, niinue vipi? Nimechoka kujibu mmoja mmoja, basi leo siasa ingoje.

Mimi si fundi. Diploma yangu ni ya uhasibu. Lakini nina Hilux ya mwaka 2001, dizeli, ya kuvuta magurudumu manne, niliyoirithi kwa marehemu baba, na kosa nililolifanya nayo lilikaribia kunipotezea mtoto wa ndugu yangu.

Ilikuwa hivi. Gari hubeba viazi kutoka Mau Narok, na msimu wa mvua tumbo lake lilikuwa likilalia matope. Fundi mmoja akaniambia, "Mzee, hiyo ni kazi ya saa tatu." Nyuma akafunga vishikio virefu vya springi, mbele akakaza torsheni baa mpaka mwisho. Gari likasimama kama ngamia, nami nikafurahi. Wiki ya pili, kijana wetu akiteremka kuelekea Njoro na magunia nyuma, lami imelowa, alikanyaga breki, magurudumu ya mbele yakakwama na gari likateleza mpaka ukingoni mwa mtaro. Aliponipigia simu sauti ilikuwa ikitetemeka. "Ami, breki za nyuma ni kama hazipo."

Breki zilikuwepo. Ila juu ya ekseli ya nyuma ya Hilux nyingi za zamani kuna vali ndogo yenye mkono wa chuma, inayopima mzigo. Gari likiwa tupu, mgongo wake uko juu, vali hupunguza nguvu ya breki za nyuma ili zisikwame. Likipakiwa, mgongo hushuka, vali hufungua. Ukiinua nyuma bila kurekebisha ule mkono, vali hudhani gari ni tupu hata likiwa na tani moja. Mafundi wengi hawaiulizi kabisa. Wewe iulize kabla hujalipa hata shilingi.

Sasa tuanze mwanzo. Shokomzoba, au shoki kama zinavyoitwa gereji, hazibebi gari wala haziliinui. Anayebeba ni springi. Kazi ya shoki ni kuizuia springi isiendelee kurukaruka baada ya shimo, kwa kulazimisha mafuta yapite kwenye vitundu vidogo, na ile nguvu ya kuruka hugeuka joto. Kwa hivyo mtu akikwambia atakuuzia "shoki za kuinua", ama hajui ama anakujua wewe hujui. Ukitaka kimo, unashughulikia springi, kisha unatafuta shoki zenye urefu unaolingana na kimo kipya. Shoki fupi kwenye gari lililoinuliwa hunyooka mpaka mwisho kila gurudumu linaposhuka shimoni, ikawa yenyewe ndiyo kamba inayolizuia. Itakatika au itang'oa kishikio chake.

Kuinua kwa kiasi maana yake ni milimita 40 hadi 50, basi. Tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, pale Naivasha, vijana wa huku wanataka pikapu ndefu kama ghorofa. Waache. Gari la kazi likipanda sana, uzito wake nao unapanda, na kwenye miteremko kama ya Salgaa, penye malori na upepo wa ubavuni, utajuta. Kabla ya kugusa chochote pima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi juu yake, pembe zote nne, uandike. Bila vipimo hivyo hutajua umeinua kiasi gani.

Kisha jiulize: gari hili hubeba nini siku nyingi? Si siku ile moja ya kuhamisha samani za shemeji, siku nyingi. Springi za majani, vile vyuma bapa vilivyolaliana, huuzwa kwa kadiri ya mzigo. Zipo za gari tupu, zipo za kilo 300 za kudumu, zipo za kilo 500 na zaidi. Ukifunga ngumu kuliko mzigo wako, gari tupu litaruka kama mbuzi na mkia utateleza kwenye kona za murram. Ukifunga laini, viazi vitalirudisha lilikotoka. Kuongeza jani moja kwenye springi zako za zamani ni rahisi, lakini kama yale mengine yamechoka na kunyooka, jani jipya ndilo litakalobeba peke yake na kuvunjika. Vile vishikio virefu nilivyofungiwa mimi ndivyo vibaya zaidi: ukirefusha kwa milimita 50, gari hupanda kama nusu yake tu, na ekseli inageuza pembe yake, propela shafti ikaanza kutetemeka.

Mbele, Hilux za umri huu za magurudumu manne, na hata Isuzu D-Max za kwanza na Nissan Hardbody, zina torsheni baa, fimbo ya chuma inayojisokota badala ya springi ya mviringo. Ukikaza bolti yake gari hupanda bure, na hapo ndipo mtego ulipo. Fimbo haiwi ngumu zaidi. Unachofanya ni kuisukuma mikono ya mbele ielekee chini, na nafasi ya gurudumu kushuka inaisha. Gari hugonga kila shimo, nawe unasema shoki ni mbovu. Jointi za CV nazo huinama kupita kiasi na mipira yake kupasuka. Kaza milimita 25 au 30, usizidi. Ukitaka zaidi, nunua fimbo nene zaidi. Baada ya hapo alainimenti ni lazima, la sivyo tairi mpya zitalika upande mmoja.

Shoki zenyewe ni za namna mbili kuu. Za bomba moja, zenye gesi ya naitrojeni nyuma ya mafuta, hupoa upesi kwa kuwa mafuta yamegusana na ukuta wa nje, kwa hivyo hustahimili zile barabara zenye mikunjo kama mabati, ambako shoki hutetemeshwa bila kupumzika mpaka mafuta yatoe povu. Bilstein ndio waliozifanya maarufu. Aibu yao ni jiwe: bomba likibonyezwa, pistoni inakwama. Za mabomba mawili, kama nyingi za Old Man Emu, zikigongwa huendelea kufanya kazi. Kwa anayeshinda kwenye mawe ya upande wa Baringo, mimi ningechagua hizo. KYB na Monroe za kawaida zinatosha kabisa kwa mtu wa mjini na Gilgil. Ila nunua penye risiti na dhamana, maana boksi bandia ni rahisi kuchapisha kuliko shoki.

Kwa gari lililoishi Pwani, kuna jambo la kutangulia yote haya. Chumvi ya bahari hula chesi kutoka ndani. Gonga kwa nyundo ndogo pale springi zinaposhikwa na pale shoki za nyuma zinapofungwa. Sauti ikiwa butu, au unga mwekundu ukidondoka, peleka kwa mchomeleaji kwanza. Langu lilikuwa na tundu la kidole chini ya rangi nzuri.

Tairi kubwa usiongeze. Kule Mau Narok uko zaidi ya mita 2,500 juu ya bahari, injini ya dizeli isiyo na tabo tayari inakosa pumzi, na tairi kubwa huzidisha uzito wa kila gea. Spidi mita nayo hukudanganya.

Siku ya kufunga, simama hapohapo. Bolti za bushi zikazwe gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake, si likiwa kwenye jeki, la sivyo mpira wa bushi hujisokota na kupasuka mapema. Geuza usukani pande zote, uangalie mipira ya breki haijavutika. Shusha taa, kwa sababu pua ikipanda unawapofusha wenzako. Ile vali ya nyuma irekebishwe, kisha ijaribiwe na mzigo, mahali tambarare pasipo watu. Na ukishatembea kilomita 500, rudi ukaze tena yu-bolti za springi. Zetu zililegea nusu mzunguko, na alizigundua kijana mwenyewe, ambaye siku hizi hakubali kupakia gunia hata moja kabla hajalala chini ya gari na spana.