Gemu za Ngumi na Askari wa Kisasi
Gemu za ngumi ni michezo ya video ambamo mchezaji humwongoza mpiganaji mtaa baada ya mtaa, picha ikiteleza pembeni, akiangusha wahuni hadi amfikie kigogo wao. Zilianzia Japani. Mwaka 1984 kampuni ya Irem ilitoa Kung-Fu Master, iliyofuata sinema ya Jackie Chan. Mpiganaji alipanda ghorofa 5 akisonga kwenye mstari mmoja tu. Mwaka 1986 Yoshihisa Kishimoto wa kampuni ya Technos alimpa mpiganaji wa gemu yake nafasi ya kukwepa kuelekea upande wa pili wa barabara, na 1987 Double Dragon ikawaruhusu wachezaji wawili kupigana bega kwa bega.

Kisa mara nyingine ni kisasi. RoboCop, gemu ya 1988 iliyotokana na sinema ya mwaka uliotangulia, inamhusu askari wa Detroit aliyeuawa na majambazi akarudishwa akiwa nusu mashine. Waliokolea zaidi ni askari wa Streets of Rage, gemu ya Sega ya 1991. Axel, Blaze na Adam ni polisi vijana wanaoacha kazi kwa sababu jeshi lao limenunuliwa na genge. Sare ingewafunga mikono. Ajabu ni kwamba wakizidiwa, gari la polisi bado huitikia wito na kuwarushia maadui makombora.

Gemu hizo ziliposhamiri, Tanzania Bara haikuwa hata na kituo cha televisheni. Cha kwanza kilianza 1994. Katika miji ya Wahaya kama Bukoba na Muleba, stelingi wa aina hiyo alijulikana kwanza kupitia kanda za video na vibanda umiza vya kuonyeshea sinema, kwa Bruce Lee na wenzake. Tena Wahaya hawakuhitaji sinema kumjua mtu anayekabili kundi peke yake: wapiga enanga, ala yao ya nyuzi, walikuwa wakiimba tendi za mashujaa, kama Kachwenyanja, tangu enzi za watawala wa jadi.

Umaarufu wa gemu za ngumi ulipungua haraka. Street Fighter II ya 1991 iliwavuta wachezaji kwenye pambano la mtu kwa mtu, kisha PlayStation ya 1994 ikaeneza picha za pande tatu, na katika vibanda umiza mpira ukatawala. Axel alirudi 2020 katika Streets of Rage 4, akiwa na ndevu na mwili mzito zaidi, bado akitembea kutoka kushoto kwenda kulia.