Ramen Ilikuwa Chakula cha Kibanda

Wasee, wiki mbili zilizopita nililipa elfu moja mia nane kwa bakuli moja la supu. Narudia: supu. Mmeniuliza sana kama Nairobi kuna ramen ya ukweli, nikaona nijitoe mhanga. Nikajipeleka Westlands, mahali pa taa hafifu na viti virefu, na weita ananiita "boss" kama hajaona viatu vyangu.

Ilikuwa tamu? Ilikuwa tamu, siwezi danganya. Tambi hazijalegea, yai kiini chake kinateleza kama asali, supu nzito mpaka inabaki kwa midomo. Lakini nikiwa katikati ya bakuli nikamkumbuka Mathe.

Mathe alikuwa na kibanda karibu na steji yetu. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, karo imenishinda na nyumbani bado hawajui, ni yeye aliyenilisha. Supu ya mifupa shilingi 30, chapo 20. Siku sina kitu alikuwa anaandika kwa daftari na kuniambia, "Kula kijana, utalipa ukipata." Asubuhi moja nikafika nikapata mabati yamelala chini, jiko halipo, na watu wamesimama kando wakiangalia. Vibanda vyote kando ya barabara vilikuwa vimebomolewa usiku. Sijamwona tena. Niko na deni lake la shilingi 640 mpaka leo.

Sasa hapo Westlands nikajiuliza: supu ya mifupa ni supu ya mifupa. Kwa nini moja inapewa taa na nyingine inapewa tingatinga? Nikaenda kusoma. Niliacha chuo, sikuacha kusoma.

Kwanza, ramen haikuzaliwa Japani. Japani ilifungua bandari ya Yokohama kwa biashara na wageni mwaka wa 1859, na Wachina wakaja kufanya kazi na kuuza. Walikuja na tambi zao za ngano na supu yao. Kwa miaka mingi Wajapani waliziita tu "tambi za Kichina". Mwaka wa 1910 mwanaume anayeitwa Ozaki Kan'ichi akafungua mkahawa Asakusa, Tokyo, jina lake Rairaiken, na akaajiri wapishi Wachina kutoka Yokohama. Asakusa haikuwa mtaa wa mabwenyenye. Ilikuwa mahali watu wa kawaida walienda kujivinjari. Bakuli la bei rahisi, linashibisha, linaliwa haraka, mtu anarudi kazini.

Usiku kulikuwa na wauzaji wa mkokoteni. Walipita mitaani wakipiga zumari ndogo, ndio watu wajue tambi zimefika, vile tu mtu wa aiskrimu anapiga kengele ya baiskeli kwetu. Hiyo mikokoteni na vibanda vya barabarani wanaita yatai. Hata ile ramen yangu ya Westlands, ya mifupa ya nguruwe iliyochemshwa mpaka ikawa nyeupe, ukifuata mizizi yake unafika mji wa Kurume, kusini mwa Japani, kwa kibanda kimoja kilichoanza mwaka wa 1937. Nililipa thao na mia nane kwa chakula cha yatai.

Halafu vita. Mwaka wa 1945 Japani imeshindwa, miji imeungua, na mavuno ya mchele ni mabaya kupindukia. Wamarekani waliokuwa wameikalia nchi wakaleta ngano. Kuuza chakula barabarani kulikuwa marufuku, na polisi walikamata wauzaji. Lakini njaa haisomi sheria. Vibanda vilisimama kwa soko la magendo, na watu wakapanga foleni kwenye baridi kusubiri bakuli.

Mmoja wa walioiona hiyo foleni, huko Osaka, alikuwa Momofuku Ando. Huyu hata si mzaliwa wa Japani, alizaliwa Taiwan mwaka wa 1910, wakati ilikuwa koloni ya Wajapani. Mwaka wa 1957 taasisi ya mikopo aliyoiongoza ikaanguka, akabaki na nyumba tu. Akajenga kibanda nyuma ya nyumba na kwa mwaka mzima akajaribu kutengeneza tambi za kuiva kwa maji moto peke yake. Suluhisho lilikuwa kuzikaanga kwa mafuta: maji yanatoka, vitobo vidogo vinabaki, ukimwaga maji moto yanaingia kupitia hapo. Agosti 1958 akazitoa sokoni, akiwa na miaka 48. Ziliuzwa yeni 35, wakati udon fresh ilikuwa yeni 6. Yaani ile Indomie yetu ya kuokoa mwisho wa mwezi, babu yake alizaliwa akiwa chakula cha wenye pesa. Maisha ni hivyo, vitu hubadilishana viti.

Nikaendelea na safari yangu ya mjini. Kituo cha pili kilikuwa mkahawa mdogo wa Wachina Kilimani, ambapo jamaa anavuta unga kwa mikono, anaukunja, anauvuta tena, mpaka donge moja linakuwa nyuzi nyingi. Hapo ndipo nilielewa jina. Neno ramen linatokana na lamian la Kichina, maana yake tambi za kuvutwa. Bei ilikuwa chini ya nusu ya Westlands.

Kituo cha tatu kilikuwa Kariokor, na hapo historia iliniangukia kwa kichwa. Niliagiza nyama choma, ugali na kachumbari, chakula chetu kabisa, si ndio? Lakini hilo jina Kariokor ni Carrier Corps. Ni Waafrika waliolazimishwa kubebea Waingereza mizigo kwenye vita vya 1914 hadi 1918 dhidi ya Wajerumani wa Tanganyika. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa ugonjwa na njaa kuliko risasi. Walilishwa unga wa mahindi, na wengi waliharisha vibaya kwa sababu haukuwa umeiva vizuri. Makwao wengi walikuwa wamezoea mtama na wimbi. Waliorudi, walirudi na mazoea ya mahindi. Mahindi yenyewe asili yake ni bara la Amerika. Kwa hivyo hiyo sahani ya ugali unayoiita "ya mababu" imepitia vita.

Na chapo? Pwani walikuwa wanaijua kitambo kupitia biashara ya Bahari ya Hindi. Lakini huku bara ilikuja na reli. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta wafanyakazi karibu 32,000 kutoka India. Kama 2,500 walikufa, wengi wakarudi kwao, wachache wakabaki. Nairobi yenyewe ilianza mwaka wa 1899 kama kituo cha hiyo reli. Mji huu na chapati ni watoto wa boma moja.

Unaona mnachonipeleka? Ramen ni bandari, wahamiaji na vita. Ugali na chapo ni reli, wahamiaji na vita. Hadithi ni ile ile. Tofauti ni kwamba wao waliiandika, wakaijivunia, na ndio maana leo inaweza kuuzwa Westlands kwa bei ya viatu.

Na waliilinda. Mji wa Fukuoka, karibu na huko Kurume, ulikuwa na yatai zaidi ya 400 miaka ya 1960. Zikapungua hadi karibu 100, kwa sababu watu walilalamikia uchafu, kelele na kuziba njia. Malalamiko hayo unayajua, ni yale yale ya hapa. Lakini mwaka wa 2013 mji ukatunga sheria ya yatai: kibanda kisizidi mita 3 kwa mita 2.5, usafi uzingatiwe, asubuhi njia iwe wazi, na mtu mpya akitaka nafasi, aombe na ashindanishwe. Hawakusema uchafu ni sawa. Walisema kibanda ni sehemu ya mji, kwa hivyo kipewe masharti ya kuishi nayo. Leo watalii wanapanda ndege kwenda kukaa kwa hivyo vistuli.

Mimi sisemi barabara zisijengwe. Nasema mpimie Mathe mita zake tatu, mpe bomba la maji, mtoze ada, mpe karatasi. Tukibomoa kila kibanda, miaka 50 ijayo mtoto wetu atalipa elfu mbili kula supu ya mifupa kwa mkahawa wa mgeni, na hatajua kwamba ilikuwa yetu.

Kwa hivyo ukiniuliza ramen nzuri iko wapi Nairobi, jibu langu ni Kilimani, ile ya kuvutwa kwa mkono. Lakini kabla uende, ingia kibanda cha karibu, agiza supu na chapo, na umuulize anayepika alijifunza kwa nani. Andika jibu lake mahali. Na kama unamjua mama aliyekuwa akiuza supu kwa steji yetu, mwenye daftari la deni lenye jalada jekundu, mwambie yule kijana wa chuo amepata 640 zake.