Kuosha Chombo Alicholamba Mbwa: Baina ya Mafakihi na Matabibu

Imethibiti katika Hadithi ya Abu Hurayra (r.a.), iliyomo katika Sahih Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) ameamrisha chombo alicholamba mbwa kioshwe mara saba, ya kwanza kwa udongo. Wanavyuoni wakakhitilafiana katika sababu yake. Kwa Mashafii, nayo ndiyo madhehebu ya wengi wetu wa pwani, mbwa mzima ni najisi. Kwa Mahanafi, mate yake ndiyo najisi. Kauli mashuhuri kwa Mamaliki ni kuwa mbwa ni tohara, na kuosha ni ibada tu isiyotafutiwa sababu.

Kisha akaja Ibn Rushd babu, Kadhi wa Qurtuba aliyefariki mwaka 520 Hijria (1126). Mjukuu wake, Ibn Rushd mwanafalsafa, ametunukulia katika Bidayat al-Mujtahid kwamba babu huyo, naye ni Mmaliki, aliona sababu ni khofu ya mbwa mwenye kichaa. Basi mlango wa maradhi ulifunguliwa na fakihi zamani.

Katika miaka ya 1850, mtaalamu wa Ujerumani von Siebold aliwalisha mbwa vifuko vya maji vilivyotoka katika viungo vya kondoo, akakuta tegu wadogo matumboni mwao. Mayai ya tegu huyo hutoka na kinyesi cha mbwa, yakaganda katika manyoya. Mtu akiyameza, kifuko cha maji huota katika ini au mapafu, kikakua miaka mingi bila ya mwenyewe kuhisi.

Wapo wasemao mimbarini kwamba sayansi sasa imeithibitisha Hadithi. Tunawanasihi wasiharakishe. Mayai hayo asili yake ni kinyesi, wala si mate. Tena tukiifunga hukumu kwa tegu, siku mbwa atakapopewa dawa ya minyoo atatokea wa kusema kuwa hukumu imeondoka.

Lakini elimu hii ina funzo jengine, nalo linatuhusu sisi kuliko mbwa. Mbwa hazaliwi na tegu huyu. Humpata kwa kula ini na mapafu mabichi yenye vifuko. Na anayemtupia ni nani kama si mchinjaji? Mwaka 1863 Harald Krabbe wa Denmark alikwenda Iceland, akapasua mbwa 100, akamkuta tegu katika 28. Wananchi wakagaiwa kijitabu, wakafundishwa kutowapa mbwa viungo vibovu, na baada ya miaka mingi ugonjwa ukatokomea. Huku kwetu, Turkana ya Kenya ilihesabiwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika mno duniani, na AMREF ikaanza mpango wa kuudhibiti mwaka 1983.

Basi ndugu Waislamu, siku ya Idi ya kuchinja, ini lenye uvimbe lichomwe au lifukiwe kwenda chini sana. Hatuambiwi tumchukie mbwa. Aliyemnywesha mbwa mwenye kiu alisamehewa madhambi yake. Tunaambiwa tuosha vyombo, na mikono yetu isiwe ndiyo inayomlisha maradhi.

Wallahu a'alam.