Mwari hana rafu: riwaya za vijana kutoka Lamu hadi Toronto



Katika mikusanyiko yetu hapa Toronto, iwe harusi, matanga au Idi, kuna lalamiko moja ambalo halikosi. Wazazi wanasema watoto wao wa miaka 13, 14, 15 wamezama katika vitabu vinene vya wachawi, mazimwi, mabinti wa kifalme waliofufuka, na mapenzi ya zama za mabwanyenye wa Kiingereza. Kisha mmoja hutoa hukumu: "Hayo si mambo yetu. Sisi tulisoma vitabu vya maana." Wengine huitikia kwa vichwa, biriani ikaendelea.

Mimi nadhani hukumu hiyo haina msingi katika historia. Mambo hayo ni yetu kabisa. Kitu ambacho hatuna ni rafu ya kuyaweka, na hebu niseme kwa nini.

Tuanze na hadithi ambayo wengi wetu tunaijua kwa kusimuliwa kabla hatujaiona kitabuni, ile ya Sultani Darai. Edward Steere aliipata Unguja akaichapisha London mwaka 1870, katika mkusanyo wake wa hadithi za Kiswahili. Maskini mmoja anachakura jaani akitafuta punje za mtama. Siku moja anaokota kijisarafu humo humo jaani, na badala ya kununua chakula ananunua paa. Watu wanamcheka. Kumbe paa anasema! Anakwenda malishoni anafukua almasi, anaipeleka kwa sultani wa mji wa mbali kama zawadi kutoka kwa bwana wake, eti "Sultani Darai", anamposea binti wa sultani, anamuua nyoka wa vichwa saba na kumrithisha bwana wake jumba la nyoka huyo. Wazungu waliosoma kisa hiki waliona pale pale kwamba kinafanana na hadithi yao ya paka mwenye viatu. Lakini paka wa Ulaya huishia kuwa mkubwa nyumbani, anakula na kulala. Paa wetu anaugua, anaomba chakula laini, na yule aliyekuwa akichakura jaa anaagiza apewe uji wa mtama mwekundu. Mke anamlilia paa, mume anaona usumbufu tu. Paa anakufa, anatupwa kisimani. Na siku moja bwana anaamka anajikuta yuko jaani, anachakura.

Nawauliza, kuna riwaya gani ya ajabu ya siku hizi inayompa kijana jambo zito kuliko hili? Mnyama anayesema, joka la vichwa saba, binti wa kifalme, vyote vimo, pamoja na suala la deni ambalo mtu wa miaka 14 analielewa vizuri sana, maana ndio umri anaoanza kuona nani alimfaa na nani anamsahau.

Fumo Liyongo naye yumo katika kundi hili. Utenzi wake ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913 una jitu lisilochomeka kwa chuma, mtoto wa kiume anayenunuliwa ili amsaliti babake, sindano ya shaba kitovuni, na maiti iliyopiga goti kisimani huku upinde umevutwa, mji mzima ukiogopa kwenda kuteka maji. Shaaban Robert alipoandika Adili na Nduguze, iliyotoka 1952, alichukua kisa cha Alfu Lela Ulela cha ndugu wawili waliogeuzwa wanyama kwa husuda yao, akakifanya cha Kiswahili. Hakuna aliyemwambia kwamba mambo ya majini ni ya kitoto.

Na upande wa kijana kama msomaji? Hapo pia pwani ilitangulia. Mwana Kupona alitunga utendi wake mwaka 1858 akimwandikia binti yake. Si hadithi ya mapenzi, ni wasia, na mafunzo yake kuhusu mume na mke yanatufanya leo tukohoe kidogo. Lakini angalieni nani anayeambiwa. Ni mwari. Kiswahili kina majina ya umri huu hata wanaisimu wanatuonea wivu: kigori, mwari, mvuli, barobaro. Lugha yenyewe inajua kwamba kati ya mtoto na mtu mzima kuna mtu mwingine.

Basi huyu mwari alipotelea wapi?

Jibu la haraka ni ukoloni, na si jibu la uongo, ila halitoshi. Waingereza walileta hadithi za ajabu kwa Kiswahili, tena nyingi. Mwaka 1929 ilitoka Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya riwaya ya Rider Haggard. Mwaka 1940 ikatoka Elisi katika Nchi ya Ajabu, na msichana wa Lewis Carroll akachorwa kama binti wa Kiafrika. Sisi tuliokulia kwenye nakala chakavu za vitabu hivyo hatuwezi kujifanya hatukuvifurahia. Tatizo ni kwamba vilikuja kama vitabu vya shule. Kuanzia hapo, mtu wa miaka 14 hakuhesabiwa tena kuwa msomaji, alihesabiwa kuwa mwanafunzi. Kitabu kikawa ni cha kumfundisha Kiswahili sanifu, baadaye kikawa cha kumfundisha uraia, baadaye ujamaa, na siku zote cha kumfaulisha mtihani. Rosa Mistika ya Kezilahabi ya 1971, ambayo ni habari ya msichana wa umri huo huo, ilipigwa marufuku mashuleni, na sote tunajua matokeo yake: ilisomwa usiku kwa tochi kuliko kitabu chochote kilichoruhusiwa.

Halafu kuna jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Tanzania, mtoto anasoma kwa Kiswahili shule ya msingi, na akifika Kidato cha Kwanza masomo yanageuka Kiingereza. Kenya mgeuko huo unakuja mapema zaidi. Yaani katika umri ule ule ambao wenzetu duniani wamejengea soko zima la riwaya, sisi tumeweka mpaka. Kiswahili kinabaki kipindi kimoja kwenye ratiba. Mchapishaji mwenye akili ya biashara atafanya nini? Atachapa vitabu vya watoto, atachapa vitabu teule vya mtihani, na katikati ataacha pengo.

Pengo hilo lilijazwa, na lilijazwa kutoka mji huu ninaoishi. Kampuni ya Harlequin ilianzishwa Winnipeg mwaka 1949, ikaanza kuuza riwaya za mapenzi za Mills & Boon ya Uingereza mwaka 1957, na mwaka 1971 ikainunua Mills & Boon yenyewe, wakati huo makao yake yakiwa yamekwisha hamia Toronto. Wale dada zetu waliosoma shule za bweni Kenya, Uganda na Tanganyika ya zamani wanajua ninachosema. Vile vijitabu vyembamba, jalada limetoka, kurasa za mwisho zimechanika hadi mtu anasimuliwa mwisho na rafiki yake, vilizunguka kutoka bweni hadi bweni chini ya magodoro. Wasichana walikwenda mapumziko wakijua mashamba ya kondoo ya Australia kuliko historia ya Kilwa. Baadhi yao ni bibi zetu wa hapa hapa, waliofika Canada mwaka 1972 baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia wa Uganda, na bado wanaongea Kiswahili cha dukani kitamu kabisa. Hawakujua walikuwa wanahamia mji wa mwenye vitabu vyao!

Sidharau vitabu hivyo. Harlequin ilielewa kitu ambacho wizara zetu za elimu hazikukielewa, kwamba msichana anaweza kusoma kwa sababu anataka kusoma. Mwaka 2009 ikaanzisha tawi la vijana, Harlequin Teen, lenye mazimwi na mapenzi kwa pamoja. Baadaye likapewa jina la Inkyard Press, na mwaka 2023 ikatangazwa kwamba linafungwa. Hata wao hawakudumu, lakini walijaribu.

Kuna jengo moja mtaa wa College ambalo napenda kuwapeleka wageni, maktaba ya Lillian H. Smith. Mlangoni zimekaa sanamu mbili kubwa za shaba, simba mwenye mabawa na mnyama aliye nusu tai nusu simba. Jengo ni la 1995, ila mama aliyepewa jina lake aliajiriwa na maktaba ya Toronto mwaka 1912 kushughulikia vitabu vya watoto, na mwaka 1922 akawa na nyumba nzima kwa kazi hiyo, Boys and Girls House. Ndani ya jengo la sasa kuna hazina mbili. Moja ni ya vitabu vya zamani vya watoto, iliyoanza 1949 kwa zawadi ya mkutubi wa Kiingereza, Edgar Osborne. Nyingine ni ya riwaya za ajabu na za sayansi, iliyotokana na vitabu alivyotoa mwandishi Judith Merril mwaka 1970. Huyu mama alihama Marekani, na vitabu ambavyo wasomi waliviona takataka yeye alivikusanya akavipa maktaba ya umma.

Ninachokiona pale ni kwamba rafu haioti yenyewe. Watu walikaa, wakaamua kwamba msomaji wa umri fulani anastahili chumba, mkutubi na bajeti. Vipaji vilikuja baadaye. Nalo Hopkinson, mwenye asili ya Jamaica, aliandika Brown Girl in the Ring mwaka 1998, Toronto imebomoka na mizimu ya Karibea inatembea barabarani, na alipata wasomaji kwa sababu palikuwa na mahali pa kukiweka kitabu chake.

Sasa nije kwenye sehemu inayoniuma. Canada hii hii imesaidia vitabu vyetu. Shirika la CODE lilikuwa nyuma ya Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza 1991, na vitabu vyake kwa wadogo ni vya Kiswahili, kazi nzuri sana. Mwaka 2008 CODE na mfadhili wa Kikanada, William Burt, wakaanzisha Tuzo ya Burt kwa ajili ya riwaya za vijana, wakaanzia Tanzania. Hatimaye! Riwaya za vijana, nakala zikanunuliwa na kupelekwa shuleni na maktabani. Ila kwa Kiingereza. Nahida Esmail akaandika The Detectives of Shangani, Elieshi Lema, ambaye Kiswahili chake tunakijua, akaandika In the Belly of Dar es Salaam. Ni vitabu vizuri, na waandishi sina ugomvi nao. Lakini tazameni mantiki ya jambo lenyewe: mtoto wa Tanzania akiwa na miaka 9 alifadhiliwa asome Kiswahili, akiwa na miaka 15 alifadhiliwa akiache. Wafadhili hawakuubuni mpaka huo. Waliukuta kwetu wakaufuata.

Na huku nyuma riwaya zenyewe zipo. Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka 1999, ni nini kama si riwaya ya mapenzi ya kihistoria yenye msichana katikati? Yasmin ana miaka 15, Mhindi wa Unguja wa miaka ya 1950, anaozwa kwa mwenye duka aliyemzidi umri mara kadhaa. Anamkimbia, jamaa zake wanamkataa, anapokewa Ng'ambo na Mwajuma, na anampenda Denge ambaye anapambana na Waingereza. Kuna kuozwa kwa nguvu, rangi, siasa, usiku wa taarabu, polisi mlangoni. Mchapishaji yeyote wa Toronto angejua ampe nani kitabu hiki na jalada la namna gani. Sisi tulikifanya kitabu cha mtihani, tukawauliza watahiniwa "jadili dhamira".

Septemba 2021 Yasmin alifika Toronto mwenyewe. Filamu ya Amil Shivji iliyotokana na riwaya hiyo ilioneshwa kwa mara ya kwanza duniani katika tamasha la filamu la hapa, na vijana wa kwetu waliozaliwa Scarborough na Mississauga walimwona msichana wa umri wao akipenda kwa Kiswahili. Binti wa rafiki yangu aliniuliza kitabu chake kinapatikana wapi. Nikampa nakala yangu. Alirudi baada ya wiki mbili akiwa amefika ukurasa wa 20, na orodha ya maneno: mwari, somo, ukuti, uchochoro. Hadithi haikumshinda, alitaka kujua Mwajuma atafanya nini. Kilichomshinda ni kwamba kati ya vitabu vya sungura na fisi alivyosomewa na mamake na kitabu hiki cha Adam Shafi hakuna ngazi hata moja.

Ngazi nyingine imepatikana mwaka 2022. Ida Hadjivayanis, yule yule aliyemtafsiri upya Alisi mwaka 2015, ametupa Peponi, tafsiri ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah. Yusuf ana miaka 12 kitabu kinapoanza, anachukuliwa na mfanyabiashara kwa deni la babake, anakwenda bara na msafara, anarudi, na kuna bustani yenye ukuta na binti anayeitwa Amina. Kilichapishwa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota. Nimeagiza nakala nne. Jumamosi tunakutana watu saba sebuleni kwangu, mkubwa ana miaka 17, wawili wawili kwenye nakala moja, mmoja anasoma kwa sauti na wengine wanamkatiza. Tumekubaliana kwamba neno gumu linaulizwa mara moja tu, halafu linaandikwa ukutani. Ukuta umeanza kujaa, na wiki iliyopita waliomba tuanze kwanza na paa wa Sultani Darai, kwa sababu mmoja wao alikuwa amesikia kwamba anakufa, hakukubali.