Fremu Tupu ya Raphael

Fremu hii inamsubiri mwenyewe. Ni nafasi ya "Picha ya Kijana", iliyochorwa na Raphael kwa rangi za mafuta juu ya ubao, yapata 1513–1514. Mwanamfalme Adam Jerzy Czartoryski aliinunua Italia, pamoja na ile mashuhuri ya Leonardo da Vinci ya mwanamke aliyempakata kicheche.

Mwaka 1939 zote mbili zilifichwa Sieniawa, lakini Wajerumani wakazifichua. Hans Frank, gavana wa Hitler katika Poland iliyovamiwa, alipenda vitu vizuri, hasa vya watu wengine. Januari 1945, jeshi la Kisovieti likinyemelea Kraków, alitoroka na shehena yake. Wamarekani walimkamata Bavaria mwezi Mei. Kazi ya Leonardo ikapatikana, ikarudi Kraków mwaka 1946. Ya Raphael haikuonekana. Frank alinyongwa Nuremberg mwaka huohuo.

Mwaka 2012 ulizuka uvumi kwamba picha imo ndani ya kasha la benki. Ulikuwa uvumi tu.

Kijana huyo ana nywele ndefu, kofia nyeusi, shati jeupe na vazi la manyoya begani. Ukimwona popote, toa taarifa.